Nishikie Nafasi kwa Sungura

Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Buaphat alifungua pochi yake mbele ya dirisha namba nne la hospitali ya serikali, akaingiza vidole pale kitambulisho chake kilipokaa miaka yote, akakuta patupu. Alitoa risiti za nyama. Akatoa picha ya mtawa aliyembariki utotoni. Mwisho akamwaga kila kitu kaunta, na nyuma yake watu mia na ushee wakaanza kukohoa kwa hasira.

Karani hakuinua macho. Alisema bila kadi hakuna jina, na bila jina hakuna kipimo. Buaphat alimwambia ameingoja siku hii tangu mwezi wa kumi na moja, faili lake ndilo hilo hapo mkononi, na picha yake imo ndani, basi amtazame. Karani akajibu kwamba yeye hakuajiriwa kutazama sura za watu. Akampigia mhuri tarehe nyingine: ishirini Juni. Uvimbe uliokuwa chini ya mbavu za Buaphat haukuulizwa kama una nafasi ya kusubiri.

Saa hiyohiyo kadi ilikuwa upande wa pili wa Bangkok, kwenye mfuko wa shati la mwanamume aliyempenda. Sawaeng alisimama stesheni kuu ya reli, kwenye foleni ya treni za kaskazini, na kizibao chake cha bodaboda cha rangi ya machungwa, nywele kazichana kwa maji, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Simu aliiacha chini ya kiti cha pikipiki, asije akaibiwa kwenye msongamano. Ilitetemeka humo mara saba.

Kadi aliichukua jana yake, Buaphat alipokuwa akigeuza soseji motoni. Kijiweni walikuwa wamemhakikishia kwamba tiketi ya treni haikatwi bila kadi ya msafiri. Alipofika dirishani, mkata tiketi akamwomba namba tu. Kadi yenyewe hakuigusa. Ile namba Sawaeng angeweza kuiandika kiganjani akaja nayo.

Ndivyo wakubwa wanavyowapanga wadogo. Huku kadi ni roho yako, kule ni kipande cha plastiki, na hakuna atakayekuonyesha mpaka kati ya huku na kule. Utaujua ukishaanguka.

Walikuwa wamekutana mwaka mmoja na nusu kabla, kwenye soko la Khlong Toei, saa ile wapishi wa jiji zima wanapogombea nyama. Sawaeng alikuwa wa kwanza kwenye zamu ya bodaboda. Akatokea mwanamke na beseni la nyama ya nguruwe iliyosagwa, amevaa sketi ya kufumwa ya watu wa milimani, mistari yake imelala, inafika kwenye vifundo, na blauzi ya pamba ya buluu iliyoiva. Nywele kazifunga fundo, na ua jeupe limechomekwa ndani. Katika umri wake wanawake wa Bangkok huvaa suruali na kukimbia. Huyu alipanda pikipiki upandeupande, taratibu, beseni mapajani, kama anayepanda kiti cha ufalme.

"Hii pikipiki yako ina breki?" aliuliza.

"Breki zipo, dada. Kinachokosekana ni mtu wa kunishika kiuno."

"Kamshike mama yako. Endesha."

Maji ya nyama yalimwagikia tangi njia nzima. Walipofika kibandani kwake alilifuta kwa taulo yake mwenyewe, kisha akamkatia kipande cha soseji ya kwao, ile iliyojaa mchaichai na pilipili, akasimama mbele yake kuangalia kama anatafuna. Machozi yakamtoka Sawaeng. Alisema ni pilipili. Kweli ilikuwa miaka sita hajaangaliwa na mtu wakati anakula. Mke wake Malai alifia kwenye benchi la korido ya hospitali, mkononi karatasi ya namba mia mbili na kumi na mbili, wakati huo wanaita mia moja na arobaini. Ile karatasi Sawaeng alikuwa nayo mpaka leo, ndani ya kasha la leseni. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimwomba tu arudishe shuka.

Tangu siku ya soseji alimbeba Buaphat kila asubuhi. Mwezi wa pili akaacha kumwita dada, akaanza kumwita Phat. Naye Buaphat akaanza kumwita kaka, na huko kwao mwanamke akimwita mwanamume kaka kwa sauti ile, majirani hutazamana. Mama Ratri, muuza samaki wa kibanda cha pili, alisema kama wanataka kuoana waoane, wasimgandishie wateja.

Jioni, wateja wakipungua, walipanga safari ya Nan, mji wa mbali kaskazini.

Hakuna kati yao aliyewahi kufika. Buaphat alizaliwa kijiji cha milimani, Phayao. Sawaeng alitoka tambarare kavu za Buriram. Lakini Buaphat aliijua Nan kama mtu anavyojua nyumba aliyosimuliwa na mama yake. Alichora ramani kwenye karatasi ya kufungia soseji. Hapa mto. Hapa hekalu lenye kuta za michoro, yupo mwanamume aliyechorwa anamnong'oneza mwanamke sikioni. Hapa tutakodi baiskeli. Sawaeng akauliza magoti yao nani atayakodishia. Akajibiwa kwamba panapopanda atasukuma, tena atasukuma zote mbili. Mji wenyewe mtulivu, mbwa wanalala katikati ya barabara kuu na magari yanawazunguka. Na hapa, ng'ambo ya mto, juu ya kilima, mnara wa dhahabu wa Sungura.

Hapo sauti yake ilishuka kila mara. Kila mwaka una mnyama wake, alisema, na kila mnyama ana mnara wake. Roho hukaa mnarani kabla ya kuingia tumboni mwa mama, na siku ikitoka mwilini hurudi hukohuko. Mama yake alimfundisha kwamba mtu lazima afike mara moja akiwa hai, ajitambulishe, asije siku moja akafika kama mgeni.

"Basi twende mwezi ujao," Sawaeng alikuwa akimwambia.

"Mvua zikiisha."

Mvua zikaisha. Ikawa mwaka mpya upite. Ukapita, maumivu ya mbavu yakazidi. Ramani ikaingia mafuta, akachora nyingine. Ndipo Sawaeng alipoamua kukata tiketi mbili kwa siri: treni ya jioni, Jumatatu tarehe kumi Aprili, kabla jiji halijahama lote kwa sikukuu ya maji. Angempa bahasha, wangefika mnarani, na pale angemwomba waoane.

Alipotoka stesheni siku ile alipita kijiweni kujisifu. Mzee Inpan, mwendesha bodaboda mwenzake mwenyeji wa Phrae, aliishika ile kadi, akasoma mwaka wa kuzaliwa, elfu mbili mia tano kumi na saba kwa kalenda ya Kibuddha, akahesabu vidole.

"Huyu Simbamarara," alisema. "Mnara wa Simbamarara uko kwetu Phrae. Nan ni kwa Sungura. Sasa bibi yako anamfuata nani huko?"

Akacheka, akapakia abiria, akaondoka. Neno lake likabaki kooni kwa Sawaeng kama mwiba wa samaki.

Saa kumi na moja jioni Buaphat alikuwa kibandani, jiko halijawashwa. Alikuwa bado na ile blauzi ya buluu ya kwendea hospitali. Sawaeng alipoona jiko baridi alijua kuna msiba. Akaiweka bahasha mezani na kadi juu yake.

"Ulikuwa nayo wewe," Buaphat alisema.

"Nilitaka kukushtua kwa furaha, Phat."

"Wameniita leo. Asubuhi walipiga simu, kuna mtu kafariki, nafasi yake wakanipa mimi. Nimesimama pale dirishani, sina jina. Wamenipeleka Juni."

Mtu mwenye akili hapo angepiga magoti. Lakini mwanamume akishikwa na aibu hutafuta jiwe la kurusha, na jiwe Sawaeng alikuwa nalo tayari. Akamwambia amesoma kadi. Yeye ni Simbamarara. Mwaka mzima amechorewa ramani za kwenda kwa Sungura, je, huyo Sungura ni nani? Mume wa zamani? Au yuko hai bado, anangoja huko ng'ambo ya mto?

Buaphat akachukua kadi, akaiacha bahasha, akateremsha turubai la kibanda. Mama Ratri, ambaye hakuwahi kukosa neno, siku hiyo aliendelea kupaa samaki wake.

Sawaeng alipiga simu mara ishirini na mbili. Kesho yake akapiga tena. Alipokea Mama Ratri.

"Anasema hayupo," Mama Ratri alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wewe ni mjinga, lakini hilo hukupiga simu kuuliza."

Alhamisi ile, kabla jua halijatoka, Sawaeng alikwenda hospitali mwenyewe. Dirisha namba nne wakampeleka namba saba. Namba saba wakampeleka ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili wakamwambia mwenye kadi aje, na mwenye kadi akija arudi tarehe aliyopewa. Alimuuliza mkubwa mmoja mwenye tai kama mkewe naye anasubiri kipimo miezi saba. Akatolewa nje kwa kushikwa kiwiko. Palepale mlangoni mwanamke wa usafi, aliyekuwa akikamua tambara lake, alimwambia bila kumtazama kwamba kila asubuhi wapo wasiotokea. Wengine wamekata tamaa, wengine wamekufa. Mashine haisubiri. Wakimwita mtu mara tatu kimya, humchukua aliye karibu na mlango, mradi karatasi zake zipo.

Basi akakaa karibu na mlango.

Alikaa kwenye kiti cha mwisho cha plastiki kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita mchana, kisha akaenda kutafuta abiria. Akienda haja aliacha kizibao chake juu ya kiti, kimekunjwa vizuri, na watu wakakiheshimu. Asubuhi ya nne mgonjwa mmoja alimuuliza anaumwa nini. Akasema anaumwa na foleni. Televisheni ya ukutani ilionyesha kaskazini kumeungua, moshi umelala mijini, ndege zinazunguka zikashindwa kutua. Mkubwa fulani akasema wakulima ndio wanaochoma moto. Mwingine akasema hali imedhibitiwa. Nyuma yake milima haikuonekana.

Tarehe ishirini na tisa, asubuhi ya kumi, waliita jina la mzee mmoja mara tatu. Kimya. Muuguzi akachungulia koridoni. Sawaeng alishasimama, simu sikioni. Buaphat alipokea, pengine kwa kuchoka tu.

"Phat, panda chochote, njoo na kadi. Mashine iko wazi. Nimekaa mlangoni."

"Umekaa mlangoni tangu lini?"

"Njoo. Utanitukana ukifika."

Sawaeng, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, alimwangukia muuguzi miguuni, akamsihi ampe dakika kumi na tano. Pengine ni kwa sababu ya kile kizibao alichokiona asubuhi tisa. Muuguzi akatazama saa, akasema mashine inahitaji kupoa kidogo. Buaphat akafika juu ya pikipiki ya Mzee Inpan, amekaa upandeupande, ananuka moshi wa mkaa, sketi imeshikwa mkononi. Alipopita mbele ya Sawaeng alimwachia pochi yake aishike, na kadi aliitoa humo mbele ya macho yake.

Majibu yalitoka Jumatatu ya tarehe tatu Aprili. Daktari alikuwa kijana na alikuwa amechoka. Alisema ini. Alisema uvimbe bado unaweza kukatwa, lakini si baada ya mwezi. Nafasi ya upasuaji ilikuwa moja tu kabla ya sikukuu, Jumanne tarehe kumi na moja, asubuhi. Akiikosa hiyo, aanze tena dirisha namba nne. Sawaeng akauliza wangapi huamka. Daktari akasema katika kumi, wapo saba. Akasukuma fomu mezani, jina, mwaka wa kuzaliwa, sahihi, akaitwa kwingine.

Tarehe kumi na moja. Treni ilikuwa inaondoka tarehe kumi jioni, na tiketi za msimu ule hazibadilishwi wala hazirudishwi.

Walitoka na fomu mpaka kwenye benchi la koridoni. Buaphat alishika kalamu, hakuandika.

"Sisaini," alisema.

"Phat, nilikukosea, nitaomba radhi mpaka nife. Lakini hii saini."

"Si jina langu, kaka."

Akamweleza, kwa sauti ya chini, huku akiangalia kila mwenye viatu vyeusi anayepita. Mama yake alizaa msichana mwaka wa Simbamarara. Wakatembea siku mbili kumwandikisha wilayani, wakaambiwa warudi, wakarudi, wakaandikiwa: Buaphat. Mtoto akafa kwa homa kabla hajaota jino. Mwaka uliofuata, wa Sungura, mama akazaa mwingine. Kutoa taarifa ya kifo kulihitaji siku mbili nyingine za njia, na ofisa alikuwa ametishia mahakama kwa kila mwenye kuchelewa. Baba akasema, "Serikali ina msichana wake, na sisi tunaye wetu. Waachane." Huyo wa pili akakua na karatasi za marehemu. Shule, kazi, kadi, matibabu, vyote vya dada yake. Mama alimwapisha asiseme kwa mtu yeyote, kwa kuwa siku watakapojua, jela ni yake, na haki ya hospitali itakwenda na kadi.

"Sungura ni mimi," alisema. "Hakuna mwanamume Nan."

Sawaeng hakuwa na pa kuweka uso. Akauweka mikononi.

"Nikibaki mezani pale," Buaphat akaendelea, "watawa wataisoma kadi. Watamwita Buaphat, Simbamarara, wataielekeza roho Phrae. Dada yangu yuko kule miaka arobaini na tisa, nafasi yake ameshaikalia. Mimi nitakwenda wapi? Nan hawanijui. Sijawahi kufika. Nilikuwa naahirisha kwa woga, kaka, naogopa nitafika pale nijitaje kwa sauti, halafu mtu asikie."

"Na jina lako?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mwenye kuuza mali ya magendo. Kisha akamvuta sikio, akalisema. Lilikuwa jina fupi, la kuitia mtoto aliye jikoni na wewe uko uani. Sawaeng akamwomba alirudie. Alikuwa amelisikia vizuri sana.

"Basi tuache upasuaji," alisema. "Twende Nan. Tutaanza foleni upya, nitakaa pale hata miezi saba."

Buaphat akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, mkono umebana mbavu.

"Malai alikufa na namba mkononi haijaitwa. Mimi imeitwa, na wewe unataka niichane?"

"Basi nini, Phat? Siku ni moja."

"Siku ni moja, lakini sisi tuko wawili. Mimi nitakwenda mezani. Wewe panda treni." Akaondoa uzi kwenye kola ya shati la Sawaeng, uzi ambao haukuwepo. "Kwetu mtu asipoweza kufika kwenye baraka, nguo yake hupelekwa. Chukua blauzi yangu. Zunguka mara tatu, mkono wa kulia uwe upande wa mnara, na unitaje. Hapa ulinishikia nafasi asubuhi kumi. Nishikie na kule."

Alikataa. Alikataa mpaka muuguzi akatoka kuangalia. Alisema hawezi kumwacha peke yake kwenye korido ya watu hawa, alishamwacha Malai dakika tano tu akanunue maji, akarudi akakuta shuka limevutwa. Buaphat alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba Mama Ratri atafunga kibanda na kukaa naye, na Mama Ratri akikaa mahali hakuna atakayevuta shuka kabla ya wakati. Kisha akasaini, jina la dada yake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Chini ya fomu palikuwa na mahali pa mtu wa kupigiwa simu. Akaandika Sawaeng, na namba. Mbele yake kisanduku kimoja: uhusiano.

"Andika mume," Sawaeng alisema.

"Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Unamuuliza nani? Huyu wa kwenye kadi?" Akafunika kalamu. "Ukirudi, niulize mimi, kwa jina langu. Nakiacha wazi."

Jumatatu jioni treni iliondoka na viti viwili vyenye tiketi. Kwenye kimoja alikaa Sawaeng, ameacha kizibao nyumbani kwa mara ya kwanza, amevaa shati jeupe lililonyooshwa na Mama Ratri. Kwenye cha pili ilikaa blauzi ya buluu, imekunjwa, juu yake ramani ya karatasi ya soseji. Abiria mmoja alitaka kukaa pale. Akaambiwa kiti kina mwenyewe. Simu ya mwisho ilikuwa kabla mtandao haujakatika kwenye mapori: Buaphat akamuuliza kama amekula, akamwambia asikodi baiskeli bila yeye, akamwambia, "Lala, kaka."

Asubuhi alishuka Den Chai, akabebwa na gari dogo la abiria kupanda milima ambayo hakuiona. Moshi ulikuwa umelala kila mahali. Jua lilining'inia jekundu bila miale, unaweza kulitazama kwa macho makavu. Nan ilikuwa tulivu kama alivyochorewa, ila si utulivu ule. Maduka yamefunga milango, watu wamefunga midomo kwa barakoa. Mbwa walilala katikati ya barabara kuu kweli. Hakuwa na wakati wa michoro wala mto. Alipanda bodaboda, akamwambia dereva kwa Sungura, na kwa mara ya kwanza maishani alikaa nyuma akamshika mtu mwingine kiuno.

Saa tatu kamili. Saa ile walikuwa wanamlaza Buaphat.

Mnara hakuuona mpaka alipokuwa chini yake. Dhahabu yote ilikuwa imezimwa na majivu. Alivua viatu, akanunua ua la yungiyungi na vijiti vitatu vya ubani, akawasha moshi juu ya moshi. Kulikuwa na bibi wawili wanafagia na mtawa mmoja anayekohoa. Sawaeng akaikumbatia blauzi, akaanza kuzunguka.

Mzunguko wa kwanza hakuweza kusema. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimkauka. Alizunguka tu, nyayo zinaungua kwenye vigae.

Wa pili akasema. Alilitaja lile jina fupi kwa sauti ya kawaida, akaongeza, mwaka wa Sungura, binti wa mama fulani wa Phayao, hakuandikwa popote, si kosa lake. Halafu akalitaja kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye mbali. Bibi mmoja akaacha kufagia. Sawaeng hakujali. Alisema asipokelewe leo. Alisema amekuja kumshikia nafasi tu, mwenyewe atakuja kwa miguu yake baada ya miaka mingi, na watasukuma baiskeli. Alisema kama huko juu nako kuna madirisha na makarani, basi wasimwombe kadi, wamtazame uso.

Alikuwa katikati ya mzunguko wa tatu, ametoka upande wa mashariki, ngazi ziko mbele yake, simu ilipolia. Saa nne na dakika arobaini. Mapema mno, au imechelewa, hakujua. Hakuna aliyemwambia kazi ile huchukua muda gani. Haikuwa namba ya Mama Ratri. Aliipokea huku akitembea, maana mzunguko haukatwi.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, taratibu, ya ofisini. Ikauliza kama anazungumza na Sawaeng. Ikasema inapiga kuhusu mgonjwa Buaphat. Nyuma yake alisikia magurudumu ya kitanda yanapita, na mtu kama Mama Ratri anasema neno, hakulishika.

"Ameamka?" aliuliza.

Sauti ikasema taarifa hizo hutolewa kwa ndugu tu. Ndio utaratibu.

"Niambie ameamka au hakuamka. Neno moja."

Karatasi zikafunuliwa, moja, mbili. Alikuwa amebakiza hatua tisa, labda kumi, kufunga mzunguko. Blauzi ilikuwa imelowa jasho mikononi mwake, na harufu ya mkaa wa kibandani ilikuwa bado imo, chini ya ubani wote ule.

"Hapa kwenye uhusiano hapajajazwa kitu," sauti ikasema. "Wewe ni nani wake?"